Rafiki zangu wanataka kunipeleka kwa skii mpaka vibanda vya milimani Ufini. Mtu wa Tanga nijiandae vipi?

Binti_Ngamiani

Assalaam alaykum wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Mimi ni wa hapa hapa Ngamiani, ila nasoma uuguzi Kemi, Ufini, ule mji rafiki wa Tanga yetu. Nipo nyumbani likizo, narudi mwisho wa mwezi. Wenzangu wa darasani wamepanga kwamba mwisho wa Machi twende kaskazini kabisa, tuanzie kijiji cha Hetta tukatokee Pallas, kilomita 55 kwa skii (zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea kwenye theluji), tukilala kwenye vibanda vya njiani. Vibanda havina umeme, havina bomba, havina mlinzi. Nilipomweleza mama akaniuliza, "Nyumba isiyo na mwenyewe mtabisha hodi kwa nani?" Nikakosa la kumjibu.

Skii nimejifunza kidogo kwenye njia za tambarare pale mjini. Mlima sijawahi. Wenzangu wamezaliwa nazo miguuni, naogopa kuwachelewesha. Halafu nguo: kuna vitu naweza kununua huku kwa bei nafuu kabla sijarudi? Na choo kikoje usiku kwenye baridi ile? Chakula halali, swala, vyote hivyo vinanizungukia kichwani. Aliyewahi kwenda naomba anieleze kwa kirefu.

Chuda_Kwetu

Dada, bahari ipo Raskazone, embe zipo Muheza, unafuata nini kwenye barafu? Lakini kama umeshaamua, panda Lushoto kabla hujaondoka. Beba begi zito, tembea kutoka Soni kupanda mpaka Lushoto mjini, kesho yake zunguka msitu wa Magamba. Baridi haitafanana, ila miguu na mapafu vitajua kazi. Mimi hupeleka wageni kule, na wanaolia siku ya pili ni wale waliofanya mazoezi kwenye kochi.

Fundi_Meli_Raskazone

Marahaba mwanangu. Nenda. Nimeishi Kemi miaka mingi kwenye kazi ya injini za meli, na njia hiyo ya Hetta na Pallas nimeipita. Sijawahi kucheka safarini kama kule, wala sijawahi kutunzwa na watu nisiowajua kama kule.

Nianze na mama, maana kauliza swali kubwa kuliko la nguo. Mwambie hodi hubishwi, mlango hauna kufuli. Vile vibanda vya wazi ni vya yeyote apitaye, bila malipo, kwa usiku mmoja au mawili. Na vina sheria yao ambayo Wafini wote wa milimani wanaijua: aliyefika mwisho ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulala ndani. Wewe uliyewahi, umeshapumzika, umeshakula, umeshakauka; yeye ndiye anayetoka kwenye upepo. Kama pamejaa kabisa, wa kuondoka ni aliyetangulia. Nilipoelezwa nilidhani ni maneno ya kwenye vitabu.

Basi jioni moja tuko kibandani, sisi marafiki na mtu mmoja wa Pangani tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Tumejitandaza. Soksi zimening'inia kila msumari, kitanda kile kipana cha mbao tumekigawana kama wenye hati ya kiwanja. Giza limeshaingia, mlango ukafunguka: mzee, bibi yake, na kijana mjukuu, nyusi nyeupe kwa barafu. Hakuna aliyesema "pamejaa". Soksi zikashuka, mabegi yakaingia chini ya kitanda, tukalala ubavuubavu, ukigeuka mmoja sharti mgeuke wote. Mzee yule alikuwa anakoroma mpaka sufuria inaitikia ukutani. Bibi akainuka kimya kimya, akatoa pamba za masikio mfukoni, akatugawia wote. Kumbe husafiri nazo kwa ajili hiyo. Tulicheka gizani mpaka mjukuu naye akaanza kucheka, ila mzee mwenyewe hakuamka.

Sasa kuhusu kuwachelewesha. Mwendo wa kundi ni mwendo wa wa mwisho, na rafiki asiyelijua hilo usiende naye mlimani. Waulize mapema, waziwazi. Wakikujibu "tutakusubiri", nenda. Wakikuambia "utatukuta kibandani", baki Kemi usome vitabu vyako. Vile vilele havina miti, upepo ukivuma theluji inafuta alama za skii mbele ya macho yako. Njia imewekewa nguzo za mbao. Usitoke nguzo moja kabla hujaiona inayofuata. Wala msikate njia ya mkato kwenye mteremko mkali, maana ule wa kuzidi nyuzi 30 unaweza kuporomosha theluji. Taasisi ya hali ya hewa ya Ufini hutangaza hatari hiyo kwa ngazi 1 mpaka 5, someni asubuhi kabla ya kutoka.

Kuanguka mtaanguka wote, hata hao waliozaliwa nazo. Cha kujua ni kuinuka. Vua begi kwanza. Lala chali, inua skii zote mbili juu zisipishane, zishushe zikiwa zimekaa kukingama mteremko, upande wa chini yako. Kisha magoti, kisha simama. Ukizielekeza bondeni zitaondoka na wewe kabla hujanyooka. Kupanda ni rahisi zaidi: kuna vitambaa vyenye vinyweleo hubandikwa chini ya skii, vinateleza mbele tu, nyuma vinakamata.

Mizigo huvutwa kwa sleji, chombo kisicho na magurudumu cha kuburuza kwenye theluji. Omba yenye vyuma viwili vigumu vinavyofungwa kiunoni, si ya kamba, maana kwenye mteremko sleji ya kamba inakugonga visigino au inakupita. Yule rafiki yetu wa Pangani alikuwa na ya kamba. Tunashuka kuingia Hannukuru, kimoja cha vibanda vya njia ile, kamba ikafunguka, sleji ikashuka peke yake na mchele wetu, unga wetu, kila kitu. Tukawa tunaitazama inavyopotelea kwenye miti ya bonde. Tulipofika kibandani tukaikuta imesimamishwa wima mlangoni, imepanguswa theluji, na ndani wageni watatu wameshatutilia kahawa vikombeni. Walisema sleji ikifika, watu wako nyuma, kwa hiyo waliweka birika jikoni.

Na ndani ya sleji hiyo kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Naam. Mpangani alikataa nazi ya kopo, akabeba nazi nzima na mbuzi yake mpaka Hannukuru. Maji ya nazi yaliganda yakapasua kifuu, tukanyonya barafu yake. Mfini mmoja alikalia mbuzi akidhani ni kigoda cha kufungia viatu, akasifu kwamba ni kifupi kizuri, mpaka alipouliza lile jino la mbele ni la nini. Usiku ule wali wa nazi ulipikwa juu ya jiko la gesi la kibandani, na wale wageni wakatoa nyama kavu ya kulungu wa kaskazini. Nakwambia watu walilamba masufuria.

Hannukuru kuna sauna pia. Wanaume kwa zamu yao, wanawake kwa zamu yao, kwa hiyo usiogope. Mimi niliingia na kikoi, hakuna aliyenisemesha. Wakishapata moto wanatoka kwenda kugaagaa kwenye theluji. Si lazima. Lakini nilikwenda, na ningekwenda tena leo.

Choo ni cha shimo, mbali kidogo na kibanda. Unachoogopa ni kukalia mbao zilizoganda, lakini wameweka kiti cha lile povu gumu jeupe, lile lile la maboksi ya samaki pale Deep Sea. Halishiki baridi hata kidogo. Usiku nenda na tochi ya kichwani, glavu usivue mpaka umeshafika.

Nguo: pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba ikinywa jasho haikauki, na jasho ndilo linaloua kule kuliko theluji. Tafuta sufu kwenye mitumba. Huku kwetu hakuna anayeigombea, ni bei ya kutupwa. Kujua kama ni sufu kweli, chomoa uzi mmoja uuchome: ukinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakasagika, nunua, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, ni nailoni. Chukua mbili nyembamba za kugusa mwili na sweta moja nene. Asubuhi mkianza safari uwe unahisi baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, kilima cha kwanza utalowa.

Mama_Pongwe

Fundi umenichekesha na mbuzi ya nazi mpaka mume wangu kaja kuuliza kuna nini. Mimi nina mtoto wa dada yangu Ufini huko, alipata baridi ya kuunguza shavuni na wenzake hawakugundua. Binti, wewe ni wa uuguzi, lakini kumbuka kitu hiki: wale wamefundishwa kutazama doa jeupe usoni. Kwenye ngozi yetu huwa la kijivu, limefifia, na pakigusika pagumu hapana hisia. Wafundishe rafiki zako kabla hamjaondoka, na mtazamane nyuso kila mnaposimama. Msisugue kwa theluji! Ni kufunika kwa kiganja chenye joto au kutia kwapani. Na miwani ya jua usisahau, theluji inarudisha jua machoni. Mafuta ya midomo vilevile.

Maalim_Mzingani

Waalaykum salaam. Mwisho wa Machi usiku na mchana huko vinakaribia kulingana kama hapa kwetu, kwa hiyo nyakati nyingi za swala zitakuwa karibu na za kawaida. Tatizo la nyakati huwa Juni na Desemba. Kibla kwa kule ni kusini ukielekea mashariki kidogo. Simu ikizimika, jua la adhuhuri linakuonyesha kusini. Theluji iliyoyeyushwa ni maji safi ya udhu, yapashe moto kidogo. Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Nyama usiyojua aliyeichinja iache kwa adabu, samaki wanatosha.

Binti_Ngamiani

Shukrani sana wakubwa zangu. Mama nimemsomea habari ya aliyefika mwisho, kanyamaza kidogo kisha kasema, "Basi watu hao wamelelewa." Amekubali!

Mjomba Fundi, bado mawili. Maji ya kunywa njiani hayagandi? Na nile nini nikiwa natembea, maana wenzangu wanasema kila saa lazima kula.

Fundi_Meli_Raskazone

Wanasema kweli. Mwili unachoma chakula kule kama tanuri. Mwambie mama akutengenezee kashata za nazi na za njugu, na nunua tende. Lakini usiziweke kwenye begi, zitakuwa mawe. Mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Wagawie na wenzako, utaona watakavyokuganda.

Maji: chupa ya kawaida ifunge vizuri uiweke kichwa chini miguu juu. Barafu huanzia juu, kwa hiyo itaganda upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Chupa ya chai iwe na chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha, asubuhi ijaze kabla ya kuondoka, usiinywe yote kabla ya adhuhuri.

Ukifika kibandani, kabla ya kuvua viatu, yeyusheni theluji sufuria nzima. Bakisha maji kidogo chini ya sufuria ndipo utie theluji, ukiitia kavu tupu sufuria inaungua. Pasueni kuni za kutosha usiku wenu na za atakayefuata. Kuna daftari la wageni mezani: andika majina yenu, mnatoka wapi, mnakwenda kibanda gani kesho. Waokoaji wakitafuta mtu huanza na daftari hilo. Simu ipakie programu ya 112, namba ya dharura ya Ufini, inapeleka mahali ulipo pamoja na wito, na iweke kifuani ilale na wewe, maana baridi hula betri. Mtandao vilimani ni wa kubahatisha, kwa hiyo mama mpe majina ya vibanda na tarehe ya kutokea Pallas, umwambie kimya cha siku mbili si habari mbaya.

Na mbuzi ya nazi ninayo hapa nyumbani, ya kukunja. Pita Raskazone uichukue kabla hujasafiri.