Rangi gani ya kupaka jeli inaonyesha protini kidogo sana? (damu ya konokono wa kichocho)

Konokono_wa_Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nachunguza damu ya konokono wa Biomphalaria, hawa wanaobeba kichocho. Tunawaokota kwenye magugu ya ufukweni Ilemela. Nikitenganisha protini zake kwa umeme kwenye jeli, kisha nikiipaka Coomassie R-250 (rangi ya bluu), himoglobini, protini inayobeba oksijeni, inatokea bluu nzito kule juu, lakini mistari ya chini, ya kilodaltoni 60 (kipimo cha uzito wa protini) kushuka, ni kivuli tu. Nakisia kila mmoja una nanogramu 20 hivi. Nataka kuikata iende kwenye mas spektrometa, mashine inayopima uzito wa vipande vya protini, ili protini zijulikane. Wengine wanasema nipake madini ya fedha, wengine SYPRO Ruby, rangi inayong'aa kwenye mwanga wa UV. Bajeti ni ndogo. Naombeni ushauri.

MtuWaKirumba: Fedha, mkuu. Inashuka hadi chini ya nanogramu 1. R-250 huanza kusumbua ukiwa chini ya 50.

FundiJeli: Fedha ingefaa kama lengo lingekuwa kuona tu. Njia nyingi za fedha zina glutaraldehaidi, inayozifunga protini pamoja. Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, inashindwa kuzikata na mashine haipati kitu. Zipo njia zisizo nayo, ila hata kwa hizo, peptidi (vipande vya protini) hutoka haba.

Kwa nanogramu 20 ningeanza na Coomassie ya koloidi, ya G-250. Rangi yake nyingi inakaa kwenye chembe zisizopenya jeli, hivyo jeli inabaki safi na mistari hafifu inajitokeza. Mchanganyiko wa mtafiti Candiano na wenzake wa 2004: G-250 asilimia 0.12, salfeti ya amonia asilimia 10, asidi ya fosfori asilimia 10, methanoli asilimia 20. Salfeti iwe ya maabara, si SA ya dukani kwa mbolea. Acha usiku kucha, asubuhi suuza kwa maji.

Halafu angalia sampuli yenyewe, naona ndipo penye tatizo kubwa. Himoglobini ya konokono hawa ni kubwa mno na ndiyo inayojaza kisima (kitundu cha jeli cha kuwekea sampuli). Pitisha damu kwenye chujio la kilodaltoni 100 kabla ya kuweka SDS (sabuni inayofungua protini): yenyewe ibaki juu, ndogo zipite. Kisha tuamisha zilizopita kwa asetoni baridi, uzipakie zote kwenye kisima kimoja. Protini iliyoshikana na himoglobini itabaki nayo juu, kwa hiyo usimwage kilichobaki.

DadaWaNyegezi: Ukiishia kwenye fedha, maji ya bomba usiyaguse. Kloridi yake inakutana na fedha na kufanya utando mweupe. Tumia yaliyokenekwa mwanzo hadi mwisho, na glavu muda wote, maana keratini ya ngozi yako itatangulia kuonekana kwenye mashine. SYPRO Ruby ni nzuri na haizuii mas spektrometa, ila ni ghali na inataka meza ya UV.

Konokono_wa_Ziwa: Asanteni sana. G-250 ipo kabatini, chujio nitaazima. Mistari ikigoma, naweza kupaka fedha jeli ileile?

FundiJeli: Unaweza, bluu ikishatoka yote. Kata kwanza inayoonekana.