Tupeane uzoefu: nyau wako alipata nini huko nje?

mama_Kadogo (Umoja)
Wasee habari za jioni. Naandika hii uchungu haujaisha kwa hivyo mniwie radhi nikirukaruka. Jumanne nimezika paka wangu Kadogo, miaka mitatu, nilimtoa nyuma ya kibanda cha mama mboga macho hata hayajafunguka vizuri, nikamlea kwa bomba la sindano usiku na mchana mpaka akawa mtu wa nyumba.

Huku kwetu kila wiki anapita yule jamaa wa spika, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na mimi nilishazoea nikawa hata simsikii. Kumbe ploti nzima inanunua. Alhamisi Kadogo akaja na panya mdomoni, mkubwa kabisa, nikamsifu. Ijumaa yuko sawa ila mzitomzito. Jumamosi amelala chini ya kitanda, omena hataki, nikadhani labda ana mimba. Jumapili asubuhi naona tone la damu puani, namfungua mdomo, ufizi mweupe pe.

Daktari akanieleza hii sumu inazuia damu isigande. Haiui papo hapo, inachukua siku tatu, nne, tano, na panya aliyeila anazubaa, anatembea mchana kweupe, ndio paka anamshika bila shida. Dawa ipo, ni vitamini K, unaanza na sindano halafu vidonge wiki kadhaa, lakini inataka uwahi, na wangu damu ilikuwa imeshavujia kifuani. Jumatatu usiku akaenda.

Sasa naomba kila mtu aseme kilichompata nyau wake huko nje na alifanya nini. Pole nimepewa nyingi na nashukuru, ila nataka visa vyenyewe, kwa sababu mimi ningejua tu kuangalia ufizi Ijumaa pengine saa hii angekuwa hapa kwa mapaja.

jirani_Kayole
Aki pole dada. Wangu ilikuwa ile sumu nyingine ya haraka. Natoka kazini saa kumi na mbili nampata kwa ngazi, mate yanamtiririka, mwili wote unatetemeka, mboni zimekuwa vidoti. Majirani wote wakashika, mpe maziwa, mpe maziwa. Nikampa kwa nguvu. Yakaingia kwa mapafu. Daktari akamdunga atropini na mtetemo ukatulia, sumu ikashindwa, lakini baada ya hapo tulikaa wiki mbili tukitibu nimonia niliyomletea mimi na kikombe changu.

Maziwa hayazimi sumu jamani. Paka anayetetemeka usimtilie kitu mdomoni, mfunge kwa leso, kimbia naye, na kama unaipata karatasi ya ile sumu beba pia, daktari anahitaji kujua ni ya aina gani kwa sababu tiba hazifanani. Ile ya mama Kadogo inataka vitamini K, yangu ilitaka atropini, ukikosea unapoteza saa ambazo hauna.

wa_Dandora
Na parasetamoli! Shosho aliona paka ana homa akamkatia nusu kidonge. Uso ukavimba, ulimi ukageuka wa kahawia, siku ya pili hayuko. Mwili wa paka hauna njia ya kuitoa hiyo dawa. Shosho alilia kutuliko sisi wote.

dere_wa_Jogoo_Road
Mi ni dereva wa matatu. Julai baridi ikikaza, mapaka ya mtaa yanaingia kwa injini za magari tuliyolaza kutafuta joto, na sisi tunawasha saa kumi alfajiri giza totoro. Siku moja nikawasha nikasikia mlio. Ilikuwa mkanda wa feni. Alikuwa mama, tukapata vitoto vinne ndani ya tairi kuukuu hapo kando, vinalia tu, macho yamefunga. Viwili vikapona, mmoja ako kwa konda wangu na mwingine ako kwangu, ameshazeeka sasa.

Tangu hiyo siku napiga boneti ngumi tatu, nafungua, namulika na simu, ndio nawasha. Konda mpya akija namfundisha hivyo kabla sijamwonyesha vile pesa inahesabiwa. Inachukua dakika moja, na wenye magari madogo huko kwa maparking ya fleti ni nyinyi pia naambia.

fleti_Pipeline
Ghorofa ya tano. Kunguru alitua kwa kamba ya nguo na paka wangu Tausi akaruka, nilikuwa nimeshika ndoo nikaona mkia tu unapotea. Nimekua nikisikia roho ya paka haitoki haraka na kweli alitua kwa miguu, akanyanyuka, akatembea mpaka chini ya kibanda cha M-Pesa, watu wakapiga makofi wakasema ako fiti. Hakuwa fiti. Kidevu kilikuwa kimegonga simiti taya likapasuka katikati, na hewa imejaa kifuani nje ya mapafu. Mimi nililala nikijua ameumia mdomo tu. Asubuhi anapumua mdomo wazi kama mbwa, nikampeleka Kabete pale kwa wanyama wa Chuo Kikuu, wakamtoa ile hewa, taya likafungwa waya. Paka akipumua mdomo wazi msingoje asubuhi kama mimi.

Balkoni nimeifunga yote na waya wa kuku. Mwenye nyumba alikuja juu, nikamwambia nikihama nautoa na mashimo naziba.

southC_jikoni
Wangu alitoka tu Jumapili jioni, hakurudi. Ilikuwa 2018, mwaka wa ile kesi ya Nakuru, yule mtu aliyefungwa miaka 3 kwa kuchinja paka na kuuzia wachuuzi wa samosa. Sina ushahidi wowote kwamba wangu aliishia hivyo, inaweza kuwa gari, inaweza kuwa mbwa wa geti, inaweza kuwa mtu alimpenda akamfungia kwake. Kutojua ndiko kunanimaliza. Mpaka leo saa tatu usiku nafungua mlango wa jikoni kidogo.

bucha_Burma
Nimesoma zote. Mi nafanya kazi kwa bucha pale soko la Burma, na mkitaka kujua maisha ya nje ya paka njooni mkae nyuma ya bucha mwezi mmoja. Nilianza na jike mmoja, madoadoa, namtupia vipande vya mwisho. Mimba ya paka ni kama siku 63, na anaweza kushika nyingine bado ananyonyesha, na kale kabinti kake kakifikisha miezi minne au mitano nako kanashika. Kufika mwaka wa pili tulikuwa na kumi na saba na hapo sijahesabu waliokufa, maana vitoto vingi havikufika miezi mitatu, mafua ya macho, kuharisha, magari, njaa.

Kulikuwa na shume mmoja mkubwa, kichwa kama ngumi, tunamwita Mzee. Kila wiki ana jipu jipya la kung'atwa. Akaanza kukonda, fizi zimeoza, hawezi hata mapafu laini. Tukampima akapatikana na kile kirusi wanaita ukimwi wa paka, hakiambukizi binadamu, kinapita paka kwa paka hasa kwa kung'atana. Alilazwa usingizi wa mwisho nikiwa nimemshika.

Baadaye wenzangu wa soko wakachanga pesa ya sumu wawamalize wote. Nikawaomba miezi miwili. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea mtego wa sanduku, nikawa nashika mmoja mmoja napeleka kufungwa kizazi, daktari anakata kancha kadogo ka sikio la kushoto wakiwa kwa usingizi ndio ujue huyu ameshafanyiwa usimsumbue tena, na hapo hapo wanachanjwa kichaa cha mbwa. Nikimaliza nawarudisha pale pale. Nilimaliza mshahara wa miezi kadhaa na sijuti. Sasa ni tisa, wanene, usiku hakuna kelele za kupigana, na panya hawajarudi. Wale wa kuchanga sumu ndio siku hizi wananiletea utumbo wa kuwapa.

baba_wawili_Githurai
Hapo kwa chanjo nikazie. Binti yangu wa miaka sita aling'atwa na paka wa mtaa akimbeba, alama mbili ndogo tu mkononi, tungepaka spiriti tuendelee na maisha. Jirani muuguzi akatushika pale kwa bomba, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, mtoto analia, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Akaanza sindano za kichaa, ya kwanza hapo hapo, ya pili siku ya tatu, nyingine siku ya saba, zikaendelea hivyo. Huo ugonjwa dalili zikishaanza hakuna anayekutibu. Paka wetu wa nyumbani hakuwa amechanjwa kwa sababu tulidhani ni mambo ya mbwa. Wiki hiyo hiyo akachanjwa.

mama_Kadogo (Umoja)
Nimelia nikisoma kuhusu Mzee. Leo nimegonga milango yote ya ploti, kumi na minne, nikawaonyesha picha ya Kadogo. Tisa wamekubali kutumia mtego wa waya badala ya sumu, wawili wamekataa, wengine hawakuwa. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, ameniambia atamkataza yule wa spika asiingie getini.

Swali langu kwa bucha_Burma. Kuna shume wa rangi ya chungwa alikuwa anakuja dirishani kwa Kadogo, bado anakuja, anakaa hapo nje anaangalia ndani. Hana alama sikioni. Simudu kumshika kwa mikono, anakwaruza. Naanzia wapi?

bucha_Burma
Mtego nitakuletea Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nitateremka hapo soko la Umoja. Nunua omena za shilingi hamsini. Ijumaa usiku usimpe kitu hata akilia, asije na tumbo limejaa, atakataa kuingia na daktari hatamlaza usingizi akiwa ameshiba. Maji muachie.