Naomba ushauri: spika za maigizo uwanjani Mkunguni

Assalaam alaykum wakuu. Nashughulikia sauti kwenye kikundi cha maigizo hapa Lamu, na tunajiandaa kuigiza Mkunguni, mbele ya Ngome. Spika zikikaa nyuma ya waigizaji, maiki zinapiga mluzi. Nikizisogeza mbele yao, watazamaji walio nyuma kabisa hawasikii. Nataka kuongeza jozi ya pili, mita 30 kutoka zile za mbele. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo niicheleweshe sauti ya jozi hiyo milisekunde 88 kamili ili ifike pamoja na ya mbele, au nizidishe kidogo ili sikio lielekee jukwaani? Miksa yangu haina uwezo huo. Ninunue kifaa cha pembeni au laptopu yatosha? Na upepo wa kusi, maiki za kifuani mnazifunika kwa kitu gani? (Punda wakilia, hilo nimeshakubali.)