Keki ya matunda ya kwetu: matunda yanazama chini, katikati inabaki mbichi

JikoLaNgamiani (Tanga)

Habari zenu wapishi wenzangu, na wakubwa shikamooni.

Naoka keki tangu 2019. Nyingi ni za vanila na zile ndogo za vikombe, nauza hapa Ngamiani na kwa oda za shule. Mwezi huu nimepata oda ambayo sijawahi kuipata: keki ya harusi ya ngazi tatu, na bibi harusi anataka ngazi zote ziwe keki ya matunda. Kwao ni Muheza. Babu yake amesomesha watoto kwa machungwa ya shamba lake, na binti ameniomba keki iwe na matunda ya huku tu: embe, nanasi, papai, ganda la chungwa, na korosho ndani. Yale matunda mekundu na ya kijani ya kwenye pakiti hayataki. Na mimi siyataki. Nimeyaonja, ni utamu mtupu, ukifumba macho huwezi kusema hili lilikuwa tunda gani.

Jumamosi nimefanya jaribio. Unga wa ngano nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita, maziwa kikombe kimoja, beking pauda vijiko vinne vya chai, yaani kipimo changu kilekile cha keki ya vanila. Nanasi moja nimelikata vipande nikalichuja kwenye chujio. Embe dodo mbili mbivu. Zabibu kavu, na korosho robo kilo, zile zilizokaangwa na chumvi. Natumia jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, chombo cha keki ndani yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko.

Imeumuka, ikapasuka juu, na dakika ya 50 ilikuwa imeshageuka rangi ya kahawia. Nimeikata, nusu ya juu ni keki tupu, nusu ya chini matunda yamelala kama yamemwagwa, na katikati kuna kitu kama uji. Korosho zimekuwa laini kama maharage. Imeniuma, maana ile siagi niliinunua kwa hela ya akiba.

Harusi ni wiki sita zijazo. Pombe sitaki kutia, kwa sababu upande wa bwana harusi ni Waislamu na nataka kila mgeni ale bila kuuliza. Naombeni msaada, hasa kwenye hayo matunda. Nianze wapi?

MamaKeki_Moro

Pole dada. Kabla ya kuyatia, yaviringishe matunda kwenye unga mkavu. Mimi keki yangu ya zabibu nafanya hivyo na hayazami.

JikoLaNgamiani

Asante dada, nilifanya hivyo. Unga uligeuka gundi kwenye lile nanasi kabla hata sijalimimina.

Shira_na_Iliki (Unguja)

Marahaba mwanangu. Mimi naoka keki za matunda kwa zaidi ya miaka 30, na niliyokosea mwanzo ni hayohayo yako, basi soma taratibu.

Unga haukusaidii pale. Zabibu ya dada yetu wa Moro ni kavu, ndiyo maana kwake inakubali. Nanasi lako umelichuja, lakini maji ya nanasi hayako nje, yamo ndani ya nyama yake, na yanangoja moto. Yametoka keki ikiwa jikoni, na ndiyo huo uji ulioukuta. Embe mbivu vilevile. Tunda bichi lenye maji halikai kwenye keki ya aina hii, lazima ulitoe maji kwanza na mahali pa maji utie sukari. Na kila tunda lina njia yake.

Nanasi, ukipata la Kiwangwa ndilo zuri, kata vipande vidogo kama punje kubwa ya hindi. Kwa kilo moja iliyokwisha kumenywa, tia sukari robo kilo na usiongeze maji hata tone. Moto mdogo. Litatoa maji yake lenyewe, lipikike humohumo mpaka maji yaishe na shira ianze kunata kwenye mwiko. Kisha litandaze kwenye sinia, ulifunike kwa chandarua, lipate jua siku mbili. Usishtuke likinywea. Kilo ile hubaki kikombe kimoja na nusu hivi, lakini kila kipande kina nguvu ya nanasi zima.

Papai hapa ndipo watu wanapokosea. Usichukue bivu. Chukua bichi kabisa, la kijani, mbegu bado nyeupe. Menya, kata vipande sawa na vya nanasi, chemsha kwenye maji matupu mpaka ukiinua kipande uone nuru inapita ndani yake. Chuja. Pika shira ya sukari uzito sawa na papai, tia iliki na maji ya ndimu, lichemke humo dakika kumi, zima, lilale usiku. Kesho yake chemsha tena, lilale tena. Siku ya tatu lichuje na ulikaushe. Papai bichi halina ladha kali ya kwake, kwa hivyo linachukua unachompa. Na hayo matunda ya rangi ya kwenye pakiti, mara nyingi ni papai bichi hilohilo lililotiwa rangi, ila hakuna aliyelitilia iliki.

Embe, chukua iliyokomaa lakini bado ngumu. Kata vipande vyembamba, nusu sentimita, uianike. Huko Tanga kuna unyevu kama huku kwetu, basi mawingu yakiingia usikae na embe nje ukitumaini, itaota ukungu. Ingiza ndani, malizia kwenye oveni ya moto mdogo kabisa mlango ukiwa wazi kidogo, au nunua embe kavu isiyotiwa sukari.

Ganda la chungwa: machungwa ya Muheza huiva yakiwa bado kijani nje, usiogope rangi. Kata maganda vijiti, chemsha, mwaga maji. Rudia hivyo mara tatu kwa maji mapya ili uchungu utoke. Hapo ndipo uyapike kwenye shira mpaka yang'ae. Shira itakayobaki usiimwage, itakufaa.

Siku moja kabla ya kuoka, changanya matunda yote na zabibu na tende zilizokatwa. Pika chai ya rangi nzito yenye mdalasini, karafuu tatu na tangawizi, ichanganye na juisi ya chungwa, kikombe kimoja tu kwa matunda gramu 600. Funika, yalale. Asubuhi chuja na uyapanguse kwa kitambaa safi. Yanate, lakini yasilowe.

Sasa rojo. Unga gramu 300, siagi 250, sukari ya kahawia 200, mayai matano, beking pauda NUSU kijiko cha chai. Maziwa usitie. Piga siagi na sukari mpaka ipauke, tia yai mojamoja na kijiko cha unga kila mara lisikatike. Matunda gramu 600, korosho 150. Ukiinua mwiko, rojo lidondoke kwa donge, lisitiririke. Uzito huo ndio unaoshika matunda. Wewe ulilipiga likawa jepesi, ukatia na vijiko vinne vya beking pauda kuliinua zaidi, basi lile nanasi lilikuwa lishikwe na nini?

Iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, na kungumanga kidogo. Marehemu mama alikuwa akiikwangua kwa kisu juu ya rojo, ananusa, anaacha. Ikizidi inatawala kila kitu.

Mwokaji_Dom

Bi mkubwa kamaliza upande wa matunda. Mimi nimefanya kazi jiko la hoteli miaka tisa, niseme habari ya moto.

Dada, dakika 50 ni moto mkali mno kwa keki hii. Kwenye oveni, chombo cha sentimita 20 nakipa nyuzi 150 kwa saa mbili na nusu. Kwa mkaa inawezekana. Pasha mchanga nusu saa, kisha upunguze moto. Tumia makaa yaliyokwisha kushika na kuvikwa majivu, si yanayotoa mwali. Machache chini, machache juu, na kila nusu saa unaongeza mawili matatu. Geuza chombo nusu mzunguko ukifika katikati, maana jiko la mkaa lina upande wake wa ukali.

Ndani ya chombo weka karatasi mbili za kuokea. Nje kizungushie karatasi ya kaki iliyokunjwa mara mbili, ipite ukingo wa chombo kwa vidole viwili, ufunge kwa uzi. Hakikisha haigusi makaa. Hiyo inazuia pembeni kukauka kabla katikati hapajaiva.

Kijiti kitakudanganya kikigonga embe, choma sehemu tatu. Na sikiliza. Inamia karibu na keki: ikiwa bado mbichi ndani inanong'ona, unasikia kama sauti ya kitu kinachochemka mbali. Ikinyamaza, itoe. Iache ipoe ndani ya chombo chake mpaka kesho.

Jambo la mwisho. Ngazi ya chini ya harusi kama ni ya sentimita 30, inaweza kuchukua saa nne au zaidi. Usiijaribu kwa mkaa. Nenda kwa mtu wa mikate mwenye oveni, mwombe nafasi anapomaliza kuoka, umlipe.

Njugu_Thika

Dada wa Tanga, hongera kwa hiyo order. Mimi nauza makadamia na korosho hapa Thika, wacha nikuambie juu ya njugu.

Zilikuwa laini kwa sababu zilikunywa maji ya nanasi. Zikitoka kwa packet ya chumvi, hata uzioshe, chumvi inabaki. Nunua korosho tupu zilizobanguliwa, na si lazima zile nzima nyeupe za bei ya juu, vipande vinatosha kwa sababu utazikatakata hata hivyo. Zikaange kwa karai kavu, moto wa chini, hadi zishike rangi ya dhahabu kidogo. Ziache zipoe kabisa. Zisilowekwe na matunda! Zitie mwisho kabisa, mikunjo michache ya mwiko, basi. Kabla ya kununua, tafuna moja: ikiwa na harufu ya mafuta yaliyokaa, muuzaji abaki nazo.

Lingine, na hili nalisema kwa uzito. Mtoto wa dada yangu alikula kipande cha keki kwa sherehe, hakuna aliyemwambia ina njugu. Midomo ilivimba na pumzi ikaanza kukatika, tulimkimbiza hospitali usiku. Alipona. Tafadhali weka kadi kando ya keki, herufi kubwa: INA KOROSHO. Na mwambie bibi harusi awaulize jamaa zake mapema.

JikoLaNgamiani

Nimesoma yote mara mbili, mengine nimeandika kwenye daftari langu la oda. Kaka wa Thika, kadi nitaiweka, na leo nimempigia bibi harusi kumweleza. Anasema kuna binamu mmoja hali karanga. Nitamwokea ya kwake ndogo isiyo na korosho, kwenye chombo kingine na mwiko mwingine.

JikoLaNgamiani (siku kumi na tatu baadaye)

Nimerudi na majibu.

Nanasi limekuwa kama alivyosema Shira_na_Iliki. Embe ilinisumbua. Siku ya pili jua liliondoka, nikaingiza ndani, nikamwomba jirani mwenye oveni ya gesi, saa saba mlango ukiwa wazi kidogo. Papai ndilo lililonishangaza. Tangu utoto papai bichi najua ni la kulainishia nyama. Siku ya tatu nilishika kipande kwenye mwanga wa dirisha nikaona vidole vyangu upande wa pili.

Nimeoka moja ya sentimita 20 kwa mkaa, saa mbili na dakika 40. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya jiko muda wote. Nilipofunua mara ya kwanza niliinamisha sikio, na kweli, ilikuwa inanong'ona. Nikafunika tena dakika 25. Mara ya pili kimya.

Nimeifunga siku tano, sikuigusa. Jana nimeikata mbele ya bibi harusi. Matunda yamesambaa kutoka juu hadi chini, korosho zinasikika kwenye meno, kisu kinatoka safi. Upande mmoja umeiva zaidi kidogo, nilichelewa kugeuza.

Binti alikula kimya. Alipofika kwenye ganda la chungwa alilitoa mdomoni, akalitazama, akalirudisha. Akaniuliza kama anaweza kupewa kipande cha babu, nikamfungia robo nzima.

Swali moja limebaki. Bila pombe, nioke siku ngapi kabla ya harusi?

Shira_na_Iliki (Unguja)

Mashallah mwanangu, umenifurahisha.

Pombe kwenye keki za wenzetu ndiyo inayozilinda miezi. Yako haina mlinzi huyo, na joto letu unalijua. Oka siku kumi kabla, si zaidi. Ikiwa bado na joto, ichome kwa kijiti kirefu uipake ile shira ya maganda, vijiko viwili vya chakula tu kwa ya sentimita 20. Juisi usiipake kabisa, italeta ukungu. Ikishapoa, karatasi ya kuokea kwanza kisha foili, ikae kwenye friji. Itoe usiku wa kuamkia siku ya kuipamba ili irudi kwenye joto lake, uifungue ikisharudi, la sivyo itatoka jasho chini ya mapambo.

JikoLaNgamiani

Asante sana bi mkubwa. Naenda kuweka oda ya papai bichi sita, na kesho asubuhi nampitia mtu wa mikate kuulizia oveni.