Tupeane uzoefu: kufundisha mwandiko kwa njia ya Edward Johnston

Kadutu, Bukavu: Jambo walimu. Johnston (1872–1944), Mwingereza bingwa wa mwandiko wa kalamu, alianza kufundisha London mwaka 1899. Alichunguza Zaburi ya Ramsey, kitabu cha zaburi kilichoandikwa kwa mkono karne ya 10, akaonyesha kwamba unene na wembamba wa herufi unatoka kwenye ncha pana ya kalamu na jinsi inavyoinamishwa. Ndiyo maana biki haiwezi kufundisha somo hili. Leteni munachotumia darasani.

Himbi, Goma: Asante Mwalimu. Tete kavu la kando ya ziwa linatosha. Kata sentimita 20, chonga mshazari, kwangua nyama laini ya ndani libaki ganda gumu, pasua ufa wa karibu sentimita 2, halafu nyoosha ncha kwa mkato mmoja juu ya kitu kigumu. Bana kwa kidole pale ufa unapotakiwa kuishia, la sivyo utapanda mpaka juu. Tete bichi muliache kabisa, ncha yake inalegea upesi. Wino ukishuka wote kwa mara moja, pachika kipande chembamba cha bati chini ya ncha, na uinue ubao wa kuandikia.

Kenya, Lubumbashi: Yaya wa Himbi amesema vizuri. Mimi naongeza vipimo: ncha iwe nyuzi 30 kutoka mstari, na kimo cha x (urefu wa herufi ndogo kama x) kiwe upana wa ncha mara 4. Ncha ya milimita 3, mistari ya milimita 12. Kaye ya kawaida haitoshi, piga mistari mwenyewe. O inaandikwa kwa mapigo mawili, kushoto kwanza. Ikague: sehemu nyembamba zikae juu kidogo kushoto, na chini kidogo kulia. Zikikaa juu kabisa na chini kabisa, mtoto amelaza ncha. Zikihamahama, anazungusha kifundo cha mkono, na hilo ndilo kosa gumu kuliko yote kuliondoa.

Kadutu, Bukavu: Wasio na tete wafunge krayoni mbili kwa lastiki. Pengo kati ya ncha ndilo upana.

Ndosho, Goma: Mwenye mkono wa kushoto msimlazimishe kugeuka. Ncha yake ikatwe mshazari, afikie nyuzi 30 bila kukunja kifundo.

Kenya, Lubumbashi: Na wachora vibao waangalie herufi ambazo Johnston alichorea treni za chini ya ardhi za London, 1916: unene mmoja, O duara kamili, nukta ya i mraba uliosimama kwa pembe.