ADSL2+ au VDSL2 kwenye laini ya shaba ya zamani: ipi inafaa?

Shaba77
Wakuu, habari zenu. Faiba haijafika kwangu, nina laini ya simu ya waya wa shaba tu. Natumia ADSL2+, intaneti ya kupitia waya wa simu, na napata megabiti 9 hivi kwa sekunde. Sasa naweza kuhamia VDSL2, teknolojia mpya zaidi ya waya huohuo. Kwa maandishi, ADSL2+ inaishia megabiti 24 na VDSL2 inavuka 100. Ukurasa wa modemu unaonyesha upotevu wa ishara desibeli 41, margini ya kelele (ishara inavyoizidi kelele kupita kiwango cha lazima) desibeli 6. Kazi yangu ni simu za video na kupandisha mafaili mazito. Nihame?

FundiJozi
Mkuu, hiyo VDSL2 inatokea wapi? Kwenye kituo cha simu au kwenye kabati la barabarani, lile sanduku la kampuni ya simu lililo karibu na nyumba? Usisaini chochote kabla hujajua.

Waya huo ulivutwa kwa ajili ya sauti, hezi 300 hadi 3,400 basi. ADSL2+ inaubebesha mpaka megahezi 2.2, na VDSL2 iliyozoeleka mpaka 17. Shaba nayo ina tabia yake: masafa (frikwensi, si umbali) yakipanda, ishara inafifia upesi zaidi, na kila mita inaongeza hasara. Desibeli 41 ni kama kilomita 3 za waya. VDSL2 ikianzia kituoni, masafa yake ya juu yatakufikia yamezama kwenye kelele, modemu itayaacha, na utabaki na hayohayo uliyonayo leo. Kabati likiwa mita 300 kutoka kwako, hama leo hii.

mama_modemu
Umbali ni kweli, ila si kila kitu. Mimi niko karibu kabisa na kabati na VDSL2 ilinitesa miezi. Kumbe nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na soketi ya simu ya zamani, na waya wake wa mita 10 hivi ulikuwa bado umeungwa kwenye laini, mwisho wake hewani. Ishara inaingia kwenye tawi kama hilo, inagonga mwisho, inarudi na kujipinga yenyewe. Kwa mita 10 shimo, yaani masafa ambayo ishara inapotea, linatokea karibu na megahezi 5. ADSL2+ haifiki huko, ndiyo maana zamani sikuona tatizo. Nilikata tawi, nikawasha modemu upya, laini ikatulia siku hiyohiyo.

Kebo_Nene
Ongezeni majirani. Jozi za waya zinalala pamoja kwenye kebo moja, na kila anayewasha VDSL2 anavujisha kelele kwa mwenzake. Uliza kama kabati lina vectoring, teknolojia inayofuta huo mwingiliano. Bila hiyo, spidi ya siku ya kwanza hupungua watu wakiongezeka.

Na kwa kuwa shida yako ni kupandisha: ADSL2+ ya kawaida inapandisha megabiti 1 hivi. Kuna aina yake iitwayo Annex M, inayochukua masafa kidogo ya upande wa kushuka na kuyapa upande wa kupanda. Ukikosa VDSL2 ya karibu, ulizia hiyo.

Shaba77
Asanteni sana. Nimeuliza: inatoka kwenye kabati, waya kama mita 700. Halafu nimefungua soketi ya ukutani. Nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, zimefungwa utepe, na shaba imeota kutu ya kijani. Mvua ikinyesha simu hukwaruza.

FundiJozi
Kiungo hicho kitaua huduma yoyote utakayochukua. Kata sehemu ya kijani, unga upya kwa viunganishi vyenye jeli. Hiyo ni ndani kwako, ruksa. Kukwaruza kukiendelea, kosa liko nje, na nje waachie wenye laini. Kwa mita 700 usitegemee 100, ila waya ukiwa mzima megabiti 30 na kitu ni za kawaida, na kupanda utapata mara kadhaa ya sasa. Hama, lakini kiungo kwanza.

Shaba77
Naunga kesho asubuhi. Nitaleta namba za modemu za kabla na baada.