Jarida la wapanda milima: kujitolea siyo ruhusa ya kuharibu historia ya waasisi

Wakuu, habari za jukwaa. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za kupanda mlima, ni mambo mawili tofauti.

Hapa naongelea lile jarida la kujitolea linaloenzi wapanda milima wa ukanda wetu. Jina silitaji, wahusika wamo humu na wanajijua. Toleo maalum la waasisi limetoka na kwa kweli ni aibu.

Tuanze na jalada. Picha ya Kilimanjaro, chini yake wameandika "Mlima ukiwa Moshi". Kilele cha Mawenzi kiko kushoto! Jamani, Mawenzi iko mashariki ya Kibo, kilele kikuu, kwa hiyo mtu aliyeko Moshi anaiona kulia. Ukiiona kushoto, basi uko upande wa Amboseli, Kenya, kaskazini ya mlima, au kuna aliyegeuza negativu kwenye skana. Hapa imegeuzwa, maana bango lililo nyuma ya kijana aliye pichani linasomeka kinyume kama kwenye kioo. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, ukizichanganya picha inatoka kinyume. Kabla ya kupeleka kiwandani kuchapwa tafuta maandishi yoyote ndani ya picha uyasome. Ni kazi ya sekunde kumi.

Ukurasa wa 6 wanasema Yohani Kinyala Lauwo, kiongozi wa njia kutoka Marangu, alifika kileleni na Mjerumani Hans Meyer. Ukurasa wa 19 wanasema Meyer na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, walikuwa wawili tu. Kwani mhariri hasomi jarida lake? Maandishi ya Meyer yanataja watu wawili kileleni, tarehe 6 Oktoba 1889. Habari za Lauwo zinatoka kwa watu wa Marangu wenyewe. Ziandikeni zote mbili, kila moja na chanzo chake, msomaji apime. Kumpa mzee wa watu kilele ukurasa mmoja na kumnyang'anya ukurasa mwingine hakumheshimu yeye wala ukoo wake.

Halafu wanasema Meyer "alifanikiwa jaribio la kwanza". Alikuja 1887 akashindwa. 1888 hata mlimani hakufika, yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 ndiyo mara ya tatu. Na kilichomvusha ni kambi. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta (shimo la volkano juu ya Kibo) wakiwa hoi, muda umekwisha, wakashuka. Siku tatu baadaye wakapanda tena. Huwezi kurudia safari ya namna ile, ya kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka, kama hakuna hema, moto na chakula kinachopandishwa kutoka chini. Aliyebaki nao kambi ya juu ni Muini Amani, mtu wa Pangani. Meyer mwenyewe kamtaja kwa jina! Nyinyi mmeandika "wenyeji kadhaa". Mjerumani wa 1889 kawashinda.

Ukurasa wa 14, Alexander Nyirenda kapandishwa Mlima Kenya. Nyirenda ni Kilimanjaro, bendera na mwenge, uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961. Aliyepeleka bendera Mlima Kenya kwenye uhuru wa Kenya, Desemba 1963, ni Kisoi Munyao. Nchi mbili, milima miwili, watu wawili.

Sasa kilichonichefua kuliko vyote. Picha ya kundi ina watu 11. Waliotajwa ni wageni wawili. Wagumu tisa, yaani wafanyakazi wa mlimani, hawana majina, na mhariri anajitetea eti nafasi haikutosha. Jarida lina kurasa 46 zenye maandishi. La kushonwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, ndiyo maana mwishoni kuna kurasa 2 nyeupe. Nafasi haikutosha wapi?

Kazi ya majina inaanza siku picha inapoazimwa. Unakaa na mwenye picha unamuuliza: mstari wa nyuma kutoka kushoto, halafu wa mbele. Jina, la baba, kijiji, alikuwa mpishi, mpagazi au kiongozi. Anayesema hajui, unaandika "hajatambuliwa" pale pale alipo, humruki. Nyuma ya picha tumia penseli laini, ukigandamiza kidogo tu. Kalamu ya wino inapenya na kuacha alama mbele. Picha ndogo utakayoichapa mara mbili ya ukubwa wake, iskani kwa nukta 600 kwa inchi (dpi) ili kwenye karatasi ibaki na 300. Hizo nyuso zenye vumbi mlizochapa zimetokana na picha zilizopita WhatsApp.

Jedwali la njia ya Marangu nalo: kilele cha Uhuru wameandika mita 5,985. Ni 5,895. Na wanashauri mtu atoke kambi ya Horombo (mita 3,720) kwenda kambi ya Kibo (mita 4,720) asubuhi inayofuata bila siku ya kuzoea hewa nyepesi ya juu. Mwenye nafasi alale Horombo usiku wa pili, mchana apande hadi Mawe ya Pundamilia na kushuka. Huo ushauri wenu utamlaza mtu kwenye machela.

Atakayekuja na "nawe jitolee basi": usahihishaji nitaufanya bure, nitumieni kurasa kabla ya kiwanda. Masahihisho yawekwe ukurasa wa 2 wa toleo lijalo, kwa herufi za ukubwa ule ule, siyo kwenye grupu. Na zile picha za asili zirudi kwa wenyewe, kila moja kwenye bahasha yake, bila gundi.